Entebbe hadi Kigali: kurudi si kurefu kuliko kwenda

Wapo wasafiri wengi nchini Uganda wanaoamini kwamba ndege hufika Kigali kwa dakika chache tu, ilhali kurudi Entebbe huchukua takribani saa mbili. Imani hiyo ina chanzo kinachoeleweka, kwa kuwa tiketi yaweza kuonyesha, kwa mfano, ndege ikiondoka Entebbe saa 10:00 na kutua Kigali saa 10:00 ileile, kisha ikiondoka huko saa 11:00 na kufika saa 13:00. Hata hivyo, tiketi huandika saa za kila mji kwa majira ya mji huo, na Rwanda iko nyuma ya Uganda kwa saa moja. Kwa hiyo katika mfano huu kila upande ni saa moja, ukiwemo muda wa ndege kutembea uwanjani.

Umbali wenyewe, ukipimwa kwa mstari ulionyooka kwenye ramani, ni kilomita 340 hivi, ingawa barabara kutoka Kampala kupitia Mbarara na Kabale huzidi 500. Anayetaka kuhakikisha na abadilishe saa zote ziwe za Uganda kabla ya kutoa saa ya kuondoka katika saa ya kufika. Wanaovuka mpaka wa Uganda na Rwanda pale Katuna kwa basi huliona jambo hili waziwazi: simu ikishika mtandao wa Rwanda, saa yake hujirudisha nyuma. Safari ya Nairobi haihitaji hesabu hiyo, maana Kenya na Uganda hutumia majira yaleyale.