Mtoto na Kazi ya Shule Nyumbani: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Kiswahili nyumbani kitamchelewesha kusoma Kiingereza.

Hii ndiyo inayoniuma zaidi. Nairobi imejaa wazazi wanaonyamaza mtoto akifungua daftari, kwa kuogopa kwamba Kiingereza chao hakitoshi.

Ukweli: kusoma huanza pale mtoto anapogundua kuwa herufi husimamia sauti, na hilo huligundua kwa urahisi zaidi katika lugha anayoielewa. Kiswahili kina irabu 5 tu, na kila moja hubaki na sauti yake: a ya "baba" ndiyo a ya "maji". Kwa Kiingereza, u ya "put" si u ya "but". Mtoto aliyezoea kuunganisha ba, be, bi, bo, bu anaingia kwenye Kiingereza akijua tayari kusoma ni nini. Ndiyo maana sera ya elimu ya Kenya inataka watoto wa madarasa ya chini, hadi gredi ya 3, wafundishwe kwa lugha inayotumika eneo la shule.

Tatizo huwa kwingine. Mzazi anaonyesha neno "baba" na kumtaka mtoto ataje "bi, ei, bi, ei", kisha anashangaa kwa nini hasomi. Atasomaje, ikiwa hakuna hata mojawapo ya sauti hizo katika "baba"? Mpe silabi, ba na ba, aziunganishe mwenyewe. Na hadithi msimulie kwa lugha yako, iwe Kikamba, Kijaluo au Kiswahili. Msamiati anaousikia leo ndio atakaoutambua kitabuni kesho.

Dhana: Akimaliza kitabu bila kusita, anajua kusoma.

Huenda amekikariri. Funika picha, gusa neno la katikati ya mstari, umwulize ni lipi. Akishindwa, usimkemee. Kukariri ni hatua ya kawaida, ila isimfiche mtoto anayehitaji msaada.

Dhana: Anayegeuza b kuwa d ana kasoro, au ni mzembe.

Watoto wengi hugeuza herufi hadi umri wa miaka 7 hivi. Ikiendelea baada ya hapo, na kusoma kukawa kugumu pia, zungumza na mwalimu mapema. Mtoto wa mkono wa kushoto naye mwacheni na mkono wake.

Dhana: Kazi nzuri ni ile iliyo safi.

Tangu mtaala wa umilisi uanze kutumika nchini kote mwaka 2019, wazazi wengi wamekesha wakikata maboksi na kupaka gundi huku mtoto amelala. Mwalimu anahitaji kuona makosa ya mtoto. Ukiyafuta, unamnyima mwalimu habari. Kaa kando yake, uliza maswali, mwachie kalamu.

Dhana: Bila tuisheni na vitabu vya bei, hakuna maendeleo.

Mkiwa stejini, msomesheni vibao vya matatu: U-mo-ja, Ka-yo-le, Ro-nga-i. Mkipita dukani, asome "unga", "maziwa", "kinyozi". Wakazi wa Eastlands wana maktaba za umma Kaloleni na Makadara. Jioni, dakika 10 hadi 15 za kusoma zinamtosha mtoto wa gredi ya 1. Akianza kusinzia, funga kitabu. Na mzazi ambaye hakupata kusoma amwambie mtoto amsomee yeye, kisha amwulize: halafu ikawaje?