Je, Wajua Kwa Nini Sura Yako Pichani Huwa Ngeni Kwako?

Mmepiga picha watu sita. Simu inazungushwa, kila mmoja anajitafuta yeye kwanza, na hapo hapo malalamiko yanaanza: "Mbona nimetoka hivi? Ifute hiyo!" Muulize mlalamikaji kuhusu wale watano wengine, atakuambia wametoka vizuri, kama walivyo siku zote. Nao, kila mmoja kwa zamu yake, watasema hivyo hivyo kumhusu yeye. Kamera ni moja, mwanga ni mmoja. Imekuwaje basi kila mtu aone amekosewa yeye tu?

Uso wako, kwa kweli, hujawahi kuuona. Macho yako yanafika mikononi, tumboni na miguuni, lakini uso umeubeba ili wengine wautazame. Unaoujua wewe ni ule wa kwenye kioo, na huo umegeuka. Ukisimama mbele ya kioo, shavu lako la kulia unaliona mkono wako wa kulia. Pichani shavu hilo hilo unalikuta kushoto kwako, kama anavyoliona mtu aliyesimama mbele yako.

Kama pande mbili za uso zingelingana, kugeuka huko kusingedhuru kitu. Lakini hazilingani, kwa mtu yeyote. Nyusi moja imepanda kidogo, pua imeelemea upande, mdomo unaanza kutabasamu kona hii kabla ya ile. Kwenye kioo umeyazoea hayo hadi huyaoni tena. Yakihamia upande wa pili, kila kitu kinaonekana kimepinda, na hofu ni kwamba kimepinda hivyo miaka yote bila mtu kukuambia. Chukua picha yako yoyote, igeuze kushoto-kulia kwa programu ya kuhariri picha ya simu. Wengi hupumua: "Aa, sasa huyu ni mimi." Mwonyeshe rafiki yako hiyo uliyogeuza, na safari hii atakayekunja uso ni yeye.

Jambo hilo lilijaribiwa mwaka 1977 na Theodore Mita, Marshall Dermer na Jeffrey Knight, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin-Milwaukee, Marekani. Walimwonyesha mtu picha yake mbili, moja ya kawaida na nyingine iliyogeuzwa kama kioo, kisha wakawaonyesha watu wake wa karibu hizo hizo mbili. Kwa sehemu kubwa wenyewe walipenda ile ya kioo, na watu wao wakapenda ile ya kawaida. Kila upande ulichagua sura uliyoizoea. Miaka tisa kabla, mwanasaikolojia Robert Zajonc alikuwa ameshaonyesha kwamba kitu tunachokutana nacho mara kwa mara huanza kutupendeza, hata kama hakijatufanyia wema wowote.

Kugeuka huku kumewahi kuidanganya hata historia. Picha za zamani zilizopigwa moja kwa moja kwenye bamba la bati zilitoka zimegeuka kama kioo. Picha maarufu ya Billy the Kid, mhalifu wa Marekani aliyeuawa mwaka 1881, ni ya aina hiyo: bastola inaonekana kiunoni upande wa kushoto, na watu wakaamini kwa miaka mingi kwamba alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Kilichofichua ukweli ni bunduki aliyoishika, kwani tundu lake la kuingizia risasi lilikuwa upande usio wake.

Ila tusikitwishe kioo mzigo wote. Umbali nao una lake, hasa kwenye selfi. Tuseme ncha ya pua iko sentimita 30 kutoka kwenye kamera, na masikio yako nyuma yake kwa sentimita 12. Masikio basi yako mbali zaidi ya pua kwa asilimia 40, na kamera inayapunguza na kuikuza pua vivyo hivyo. Rudi nyuma hadi mita moja na nusu, na tofauti hiyo inashuka hadi asilimia 8. Madaktari wa Marekani waliofanya hesabu za namna hii mwaka 2018 walikuta kwamba pua iliyopigwa kwa sentimita 30 hivi huonekana pana kwa takriban asilimia 30 kuliko ikipigwa kutoka mita moja na nusu. Wapo walioipeleka pua hiyo kwa daktari wa upasuaji, ilhali mkono mrefu kidogo ungetosha.

Halafu uso hai hautulii. Picha inadaka nusu ya kupepesa, au mdomo uliokuwa katikati ya neno, ikagandisha kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kukitazama kwa zaidi ya nukta.

Sasa sehemu inayouma. Mwaka 2008 Nicholas Epley na Erin Whitchurch walichanganya picha za watu na sura nyingine, baadhi zikawa nzuri zaidi na baadhi mbaya zaidi, kisha wakamwambia kila mmoja aitafute yake halisi. Watu walielekea kuchagua ile iliyorembwa. Kumbe sura tuliyoiweka kichwani imeshapambwa kidogo, na picha inakuja kushindana na hiyo. Mimi naamini kioo hutusaidia katika hila hii, maana mbele yake tunajipanga kwanza: kidevu juu, tumbo ndani, macho yakalegea vizuri.

Je, mwenye sura angalau ndiye anayejua picha gani imemtoa vyema? Watafiti wa Australia, wakiongozwa na David White, waliwaomba watu wachague picha zao za kuweka mtandaoni, kisha wakawapa wageni kabisa kazi hiyo hiyo kwa picha hizo hizo. Majibu yalitoka mwaka 2017. Watu wengine walipozitazama bila kujua nani alichagua ipi, zilizowapendeza zaidi zilikuwa zile zilizochaguliwa na wageni.