Meseji inaweza kumpeleka mtu kupima saratani? Maswali na majibu kuhusu Walatino wa Marekani

Walatino ni akina nani, na kwa nini tuwazungumzie wao?

Ni wakazi wa Marekani wenye asili ya Meksiko, Puerto Rico, Kuba, Guatemala, Kolombia na kwingineko katika Amerika ya Kilatini. Sensa ya 2020 ilihesabu zaidi ya milioni 62, karibu mtu mmoja kati ya kila watano nchini humo. Saratani ni miongoni mwa magonjwa yanayowaua zaidi. Wanawake wao huugua saratani ya mlango wa kizazi zaidi kuliko wanawake wazungu, ilhali kipimo kikifanywa kwa wakati huonyesha seli zilizoanza kubadilika, nazo huondolewa kabla hazijawa saratani. Wengi hawana bima, na kwa mfanyakazi wa shambani au wa hotelini, kwenda kliniki mara nyingi ni kupoteza malipo ya siku nzima.

Nani apime, na lini?

Jopo la kitaifa la wataalamu wa kinga linashauri hivi: picha ya matiti kila baada ya miaka 2 kwa wanawake wa miaka 40 hadi 74, kipimo cha mlango wa kizazi kati ya miaka 21 na 65, na cha utumbo mpana kwa wanaume na wanawake kuanzia miaka 45 hadi 75. Zamani utumbo mpana ulianza kupimwa kwa miaka 50. Umri ulishushwa mwaka 2021. Ushauri huu ni kwa asiye na dalili. Ukiona damu chooni au uvimbe kwenye titi, usisubiri kukumbushwa na mtu.

Simu inasaidiaje?

Chukua utumbo mpana. Kuna kipimo cha kinyesi kinachotafuta damu isiyoonekana kwa macho. Mtu hupokea kifurushi kwa posta, huchukua sampuli kidogo akiwa kwake, kisha huirudisha kwa posta. Hufanywa kila mwaka, hakina sindano wala dawa ya kumfanya mtu aharishe. Tatizo ni kwamba kifurushi hukaa juu ya friji miezi na miezi. Hapo ndipo meseji inapofaa: moja kabla kifurushi hakijafika ili kisidhaniwe tangazo la biashara, nyingine kilipofika, na nyingine kisiporudi.

Meseji yenyewe iwe fupi na yenye heshima, kwa mfano: “Señora Rosa, ni sisi wa kituo unachotibiwa. Kifurushi cha kupima utumbo kitafika wiki hii. Jibu 1 ukitaka tukupigie.” Namba ile 1 ndiyo yenye kazi kubwa. Inamwambia mgonjwa kwamba kuna mtu upande wa pili, na mara nyingi mtu huyo ni promotora, mhudumu wa afya anayetoka katika jamii hiyohiyo.

Kwa nini wasitengeneze programu maalumu ya simu?

Zinatengenezwa, na nyingine ni nzuri. Lakini mtu wa miaka 60 hatapakua programu, afungue akaunti na kukumbuka nywila kwa ajili ya jambo analolifanya mara moja kwa mwaka. Walatino wengi tayari wako WhatsApp, maana ndiko wanakoongea na ndugu walioachwa nyumbani. Video ya dakika mbili inayomwonyesha mama na bintiye wakizungumza juu ya kipimo huingia kwenye kundi la familia bila kusukumwa. Kwa maoni yangu, binti anastahili kulengwa sawa na mama, kwa sababu mara nyingi yeye ndiye anayeweka miadi na kuendesha gari. Uvumi nao hupita njia hiyohiyo, kwa hiyo kliniki isiyokuwepo humo imewaachia wavumishaji uwanja.

Si inatosha kutafsiri ujumbe kwa Kihispania?

Haitoshi. Wapo waliotoka vijiji vya Guatemala ambao lugha yao ya kwanza ni Kimam, au vya Meksiko wanaosema Kimixteco, na baadhi hawasomi lugha yoyote. Hao wapelekewe ujumbe wa sauti. Tena ni kazi bure kuandika meseji safi ya Kihispania halafu kiungo kilichomo kimpeleke mtu kwenye ukurasa wa Kiingereza mtupu.

Je, watu hawaogopi taarifa zao kuvuja?

Wanaogopa, na wana sababu. Mwaka 2025 serikali kuu ilipeleka taarifa za waliosajiliwa Medicaid, bima ya umma ya watu wa kipato cha chini, kwa wizara ya usalama wa ndani inayosimamia uhamiaji. Kliniki ijitambulishe kwa jina, iombe ridhaa kwanza, ieleze jinsi ya kusitisha meseji, na isitaje jibu la kipimo humo. Simu ya nyumbani hushikwa na wengi.

Kifurushi kikisharudi, kazi imekwisha?

Hapa ndipo miradi mingi huanguka. Damu ikionekana haina maana kwamba mtu ana saratani, ila lazima afanyiwe kolonoskopia, yaani utumbo uchunguzwe kwa kamera. Kipimo hicho kinahitaji maandalizi, msindikizaji na siku ya mapumziko. Meseji ya “piga simu kliniki” haitoshi. Apigiwe na mtu, kwa lugha yake, na asikate simu kabla tarehe haijapangwa. Mradi unaojisifu kwa idadi ya meseji zilizotumwa uulizwe ni wangapi walifika kwenye kamera.

Mimi ni Mswahili ninayeishi Marekani. Hili linanihusu?

Linakuhusu. Umri wa kupima ni uleule. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inatakiwa na sheria ya haki za kiraia ya 1964, na ile ya bima ya afya ya 2010, kukupatia mkalimani bila malipo. Unapoweka miadi sema mapema kwamba unataka mkalimani wa Kiswahili, na ukatae mtoto wako kufanywa mkalimani wa majibu ya saratani. Uliza pia kama meseji zao zinaweza kuja kwa Kiswahili.