Usitafsiri "go", sikiliza neno linaloifuata

Wanaonijia kujifunza Kiingereza hapa Mwanza wengi wao ni watu wa kazi: wahudumu wa mapokezi hotelini, madereva wa watalii wanaoingia Serengeti kwa lango la Ndabaka, makarani wa viwanda vya minofu ya sangara, vijana wa boti. Hakuna hata mmoja asiyejua kuwa "go" ni kwenda. Wanakwama pale mgeni anaposema "go off", "go over" au "go for", kwa sababu masikio yao yanasikia kwenda, na wakitazama hakuna anayekwenda popote.

Wengi wanakuja na daftari lenye orodha, Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia. "Go off", kulipuka. "Go on", kuendelea. Sipendi orodha hizo hata kidogo. Ukiwa umekariri kwamba "go off" ni kulipuka, utafanyaje mpishi akikuambia "The milk has gone off"? Ninachowaomba ni wasikikodolee macho kitenzi. Wahamishie akili kwenye neno dogo la nyuma yake, maana hilo ndilo linalobeba kazi.

Na sisi wasemaji wa Kiswahili tuna mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu tumenyambua vitenzi tangu utotoni. Kutoka enda tunapata endea, endana, endesha, endelea, endeleza. Mzizi unabaki pale pale, maana inabadilishwa na kile kinachopachikwa mwishoni. Kiingereza hakipachiki hivyo, kinaweka neno jingine kando ya kitenzi. Wakati mwingine lugha hizi mbili zinakutana uso kwa uso: "go on" ni endelea, na "go with", inaposemwa juu ya nguo au chakula, ni endana. "This sauce goes with tilapia" ni kwamba mchuzi huu unaendana na sato. Mnunuzi akiuliza mwaloni Kirumba kilo ya dagaa inaenda shilingi ngapi, ameshasema "How much does it go for?" bila kujua. Anayeiona njia hiyo hahitaji kukariri.

Tukae kidogo kwenye "go off", maana ndiyo inayowakatisha watu tamaa. Taa "goes off", imezimika. Alamu "goes off", imelia. Mwanafunzi anauliza, na ana haki ya kuuliza: inawezekanaje maneno yale yale yawe kuzima kwa kitu kimoja na kuwaka kwa kingine?

Mimi naieleza hivi. "Off" inaonyesha kitu kuachana na kilichokuwa kimekishika. Baada ya hapo uliza: kilipokuwa kimeshikwa, kilikuwa katika hali gani? Taa inawaka kwa kuwa imeshikamana na umeme, kwa hiyo ikiachana nao inazima. Alamu iko kimya kwa sababu imezuiwa, ikisubiri saa yake; kizuizi kikiachia, inalia. Bunduki na mtego ni vivyo hivyo, na Kiswahili kina neno lake kamili, kufyatuka. Tazama hata umbo la neno hilo, lina ule mwisho wa fungua na tegua, wa kuondoa hali iliyokuwepo. Maziwa na samaki vimeshikwa na ubichi wao, vikiachana nao vimeharibika, "they have gone off". Waingereza ndio wasemao hivyo juu ya chakula. Mmarekani atakuambia "gone bad", na karani anayeandikiana na wateja wa pande zote mbili ni vizuri ajue zote. Mtu akisema "I've gone off fish", samaki hana tatizo lolote. Yeye ndiye aliyeachana na hamu ya samaki, amemkinai.

Jirani yake "go out" nayo inazima vitu, lakini kwa namna nyingine. Inafaa kwa moto na mwanga: karabai ya wavuvi wa dagaa ikiishiwa mafuta katikati ya usiku "goes out", mshumaa ukipigwa na upepo "goes out". Umeme ukikatika unaweza kusema "The lights have gone out" au "gone off", zote zinaeleweka. Usiseme "The electricity has cut", hicho ni Kiswahili kilichovaa maneno ya Kiingereza. Na ukiongeza "with" kwenye "go out", uwe mwangalifu zaidi. "I went out with a guest", ikisemwa peke yake na mfanyakazi wa hoteli, inaweza kusikika kama habari ya mapenzi. Kama ulimpeleka kisiwa cha Saanane, sema "I took a guest to Saanane Island", na hakuna atakayekuelewa vibaya.

Kwa watu wa ziwani neno la kulichunga kuliko yote ni "go down". Kijana wa boti anataka kusema kwamba boti inateremka kwenda Ukerewe saa nane, anasema "The boat goes down at two". Aliyekusudiwa anasikia kwamba boti inazama. Chombo cha majini kikitajwa na "go down" bila mahali kinapokwenda, maana ya kwanza ni kuzama. Katika ziwa hili neno hilo lina uzito wake: MV Bukoba "went down" tarehe 21 Mei 1996 ikielekea Mwanza, mamia ya watu wakapoteza maisha, na kule Igoma yapo makaburi na mnara wa kumbukumbu yao. Abiria mgeni aliyeisoma habari hiyo hapaswi kulisikia neno hilo kizembe akiwa gatini. "The boat leaves at two" inatosha.

Mahali pengine "go down" haina tatizo. Bei zinashuka, jua linatua, na mtu akiugua malaria "goes down with malaria".

"Go over" na "go through" zote tunaziita kupitia, na hapo Kiswahili hakitusaidii kuzitenganisha. Mhasibu akisema "Let's go over the invoice", anataka mkague ankara pamoja, pengine kwa haraka, kuona kama kuna kosa. "Go through" ina hisia ya kuingia upande mmoja na kutokea wa pili, karatasi kwa karatasi. Ndiyo maana inatumika kwa taabu pia: mtu aliyefiwa "is going through a hard time", yumo ndani, hajatokea upande wa pili. Na injini ya boti ikimaliza lita kumi za petroli, "it has gone through ten litres".

Wahudumu wa mezani, mgeni akisema "I'll go for the tilapia", haendi kumfuata sato jikoni. Amechagua. Lakini "The dog went for him" ni kwamba mbwa amemvamia. "For" inaonyesha kinacholengwa. Kama ni kwa uma au kwa meno, muktadha utakuambia.

Waongoza watalii nawapa jozi moja ya kuizingatia sana. "He went on talking about Bismarck Rock" maana yake alikuwa anazungumzia Jiwe la Bismarck, lile lililo ziwani hapa Mwanza, na hakuacha. "He went on to talk about Bismarck Rock" ni kwamba alikuwa kwenye jambo jingine, kisha akaingia kwenye habari za jiwe hilo. Kiswahili kingetumia endelea kwa ya kwanza na halafu kwa ya pili.

Upangaji wa maneno hauna taabu kubwa. Vitenzi hivi vya "go" vinavyochukua yambwa, yaani kile kinachotendewa, havipasuliwi: sema "go over it", usiseme kamwe "go it over". Hapo vinatofautiana na "pick up", ambayo inadai "pick it up". Kuhusu "went", isiyofanana na "go" hata kwa herufi moja, ni kwa sababu ilikuwa ya kitenzi kingine, "wend", na "go" ikaichukua.

Kilichobaki ni sauti, na vitabu vingi vinalipuuza hili. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, kwa hiyo wanafunzi wangu wanakaza "went" na kuiacha "off" ikififia, na mgeni anaikosa sehemu yenye maana. Katika "go off", "go out", "go down" na "go on", mkazo uangukie neno dogo. Katika "go for" kwa kawaida hauangukii "for", unaangukia kile kinachochaguliwa: sauti ipande kwenye "tilapia".

Sentensi ya kufanyia mazoezi ni hii, isome kwa sauti huku ukijiuliza ni kitu gani kimenyamaza, kipi kimezimika na kipi kimepiga kelele: "The generator went off at nine, the candles went out at ten, and at midnight the alarm went off."