Meli Yenye Deni na Wahusika Wenye Umri: Kumbukumbu za Kampeni ya Traveller

Katika kampeni zote nilizowahi kusimamia, yaani hadithi ndefu zinazochezwa kwa vikao vingi, ile ambayo wachezaji wake hawaishi kuizungumzia ni ya Traveller, mchezo wa mezani wa safari za anga ambamo kila mchezaji huigiza mhusika wake, tuliyoicheza kwa kanuni za toleo la kwanza kabisa. Hawazungumzii vita tulivyopigana wala hazina tulizopata. Huzungumzia meli yetu ya biashara ya anga, waliyoipa jina la Dawa ya Deni, na watu wanne waliokuwa wakiiendesha. Kwa kuwa kazi yangu ni kubuni kanuni za michezo ya kuigiza ya mezani, nimekuwa nikijiuliza kwa nini kumbukumbu hizo hazifutiki, na jibu ninaliona ndani ya kanuni zenyewe: meli ilifika mezani ikiwa tayari inadaiwa, na wahusika walifika wakiwa wameshaishi.

Traveller ilitolewa mwaka 1977 na kampuni ya Game Designers' Workshop ya Marekani, ikiwa kazi ya Marc Miller. Ilikuja kama vijitabu vitatu vyeusi ndani ya sanduku jeusi lisilo na picha, ila maneno machache ya meli ya biashara iitwayo Beowulf ikiomba msaada. Miaka mitatu kabla yake ilikuwa imetoka Dungeons & Dragons, mchezo mwingine wa kuigiza, ambamo mhusika huanza akiwa mwanagenzi na kupanda ngazi kadiri anavyocheza. Traveller ilifanya kinyume chake: mhusika alianza akiwa amekomaa, mara nyingi akikaribia uzee, na tangu hapo ujuzi wake haukuongezeka sana.

Namna ya kumpata mhusika huyo ndiyo iliyotushika. Mchezaji alirusha dadu mbili mara sita ili kupata nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, elimu na hadhi ya mhusika, kisha akamwingiza kazini akiwa na miaka 18. Kila muhula wa kazi ulikuwa wa miaka minne, na katika kila muhula alilazimika kurusha dadu kuona kama amenusurika. Aliyeshindwa alikufa pale pale, kabla mchezo haujaanza, na karatasi yake ikawekwa kando. Katika kikosi cha upelelezi wa anga sharti lilikuwa kupata 7 au zaidi, jambo linalotokea mara 21 katika kila 36. Mwenye ustahimilivu wa 9 au zaidi aliongezewa 2, lakini rubani wetu alikuwa na 5, kwa hiyo hakuwa na pa kuegemea.

Alipita mihula minne. Uwezekano wa jambo hilo ni takriban asilimia 12, na kila aliyekuwa mezani aliuhisi bila kuhitaji hesabu, kwa sababu kufikia mrusho wa nne wenzake walikuwa wameacha karatasi zao na kumwangalia yeye. Rubani huyo aliondoka kazini akiwa na miaka 34, umri uleule ambao kanuni za kuzeeka huanza kumkata mtu nguvu na wepesi. Hakuna aliyemwandikia wasifu, wala sikuwahi kumwomba mchezaji afanye hivyo. Maswali yalijitokeza yenyewe: alinusurika nini, nani hakunusurika, na kwa nini baada ya miaka 16 hakupewa hata meli ndogo ya upelelezi ya kuazima, ambayo ilikuwa miongoni mwa mafao ya kikosi chake?

Aliyepata meli alikuwa nahodha, mstaafu wa meli za biashara, na kwake fao hilo lilikuwa pia mzigo. Meli ya biashara huria ya tani 200 iligharimu krediti 37,080,000 (krediti ndiyo fedha ya mchezo), na kila mwezi mmiliki alilipa sehemu moja ya 240 ya bei hiyo, yaani krediti 154,500, kwa miezi 480. Huo ni mkopo wa miaka 40. Mruko mmoja kati ya nyota na nyota huchukua wiki nzima, na wiki nyingine huishia bandarini kutafuta shehena na abiria, hivyo safari mbili kwa mwezi ndizo kawaida. Ghala la tani 82 likijaa kwa nauli ya krediti 1,000 kwa tani, safari hizo mbili huleta 164,000. Ondoa rejesho la mkopo, zinabaki 9,500, na mishahara ya rubani, mhandisi, daktari na mhudumu peke yake ni 15,000.

Kwa hiyo abiria walikuwa ni lazima. Mafuta nayo yalizua ugomvi usioisha. Hidrojeni iliyosafishwa iliuzwa krediti 500 kwa tani, ilhali kwenye sayari kubwa za gesi meli ingeweza kujichotea bure, kwa hatari ya injini kuharibika au mruko kuitupa meli isikokusudia. Nahodha alitaka kuchota kila mara. Mhandisi, aliyekuwa na miaka 46 na mihula saba ya jeshi la wanaanga nyuma yake, alikataa kila mara. Sikuhitaji kubuni adui.

Lakini kinachotajwa zaidi ni bahati nasibu ya abiria wa daraja la chini. Abiria hawa hulipa krediti 1,000, hulazwa katika usingizi wa baridi kali, na baadhi yao hawaamki. Kanuni zinasema kila mmoja anachangia krediti 10 na kubashiri idadi ya watakaoamka. Mshindi asipoamka, fedha huwa za nahodha. Safari moja tulikuwa na abiria 20, mshindi hakuamka, na rejesho la mwezi lilikuwa halijatimia. Nahodha alizichukua zile krediti 200, ambazo mbele ya 154,500 si chochote, na tangu siku hiyo daktari hakukaa naye tena meza moja kula. Mgogoro huo ulidumu hadi mwisho wa kampeni, na ninakiri kwamba mimi, niliyekuwa nikiusimamia, sikuwahi kuwa na upande.

Toleo la mwaka 1981 lilileta hiari ya kulegeza kifo cha awali: aliyeshindwa kunusurika angeweza kuhesabiwa kuwa amejeruhiwa na kuachishwa kazi. Wasimamizi wengi huipenda hiari hiyo, na kwa mchezo wa jioni moja naiona inafaa. Kwa kampeni ndefu bado natumia kanuni ya 1977, na ninataka dadu zirushwe mbele ya wote badala ya kila mchezaji kuja na mhusika aliyemwandaa peke yake.