Mkate Usioletwa Mezani

Nafundisha upishi, na tukifika kwenye upangaji wa menyu huwaonyesha wanafunzi The Menu, filamu ya mwaka 2022 iliyoongozwa na Mark Mylod. Wengi huona inawacheka wapishi wa migahawa ya kifahari. Mimi naona mshale wake umeelekezwa zaidi kwa walaji.

Mgahawa wa Hawthorn uko kisiwani, na kila mgeni hulipa dola 1,250. Mpishi mkuu Slowik, anayeigizwa na Ralph Fiennes, anawaambia kwamba tangu zamani mkate ni chakula cha watu wa kawaida. Wao si watu wa kawaida, basi leo hawapati mkate. Zinaletwa sahani zenye vitoweleo vya kuchovyea, bila cha kuchovya. Matajiri vijana wanaomba mkate, wananyimwa. Mhakiki wa migahawa anaonja kwa makini na kugundua kuwa mchuzi mmoja umejitenga mafuta. Wametukanwa mezani, na bado wanajadili mchuzi! Nguvu ya kejeli hii imo humo: heshima ya jina la mpishi imewazidi njaa.

Chakula chenyewe hakikufanyiwa mzaha. Mshauri wa vyakula alikuwa Dominique Crenn, mwenye mgahawa wa Atelier Crenn huko San Francisco, na sahani zinavutia kweli. Zingekuwa mbaya, tungewacheka wageni kirahisi mno.

Halafu yuko Tyler, mgeni kijana anayejua kila mbinu na kila kifaa cha upishi. Slowik anampa jiko mbele ya watu wote. Nyama yake ya kondoo inatoka mbichi. Linganisha na Tampopo, filamu ya Juzo Itami ya mwaka 1985. Kwenye mgahawa wa Kifaransa, wakubwa wa kampuni wanaagiza kitu kilekile mmoja baada ya mwingine kwa kuogopa kukosea, kisha mfanyakazi wao wa chini kabisa anaisoma menyu kwa raha na kuagiza anachokipenda. Itami anaheshimu ujuzi kwa sababu unamfikisha kijana yule kwenye ladha. Wa Tyler umeishia kwenye kujionyesha.

Margot, mgeni aliyekuja na Tyler, peke yake ndiye anayesema wazi kwamba bado ana njaa. Anaagiza baga ya jibini, dola 9.95. Huwaambia wanafunzi wangu wautazame uso wa Slowik anapoikaanga, kwa sababu usiku kucha hakuna sahani nyingine aliyoipika kwa furaha.