Bhakti si jina jingine la ibada

Wiki hii tangazo limezunguka tena kwenye simu: "Bhakti itaanza saa moja jioni, wote mnakaribishwa." Mwezi uliopita nilikutana na picha ya Krishna, Mungu wa Wahindu, na Radha mpenzi wake, iliyoandikwa chini yake "wachumba wa bhakti". Huyu kaifanya ratiba, yule kaifanya uchumba, na nimeona makosa haya mara nyingi mno kunyamaza.

Kwa kifupi, bhakti ni pendo la mtu kwa Mungu wake katika dini ya Kihindu, pendo la kujitoa mzima, ambalo Mungu naye hulipokea na kulirudisha. Mwenye pendo hilo huitwa bhakta. Limo ndani ya Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, likakolea kusini mwa India katika nyimbo za Kitamili za watakatifu washairi, Alvar 12 wa Vishnu na Nayanar 63 wa Shiva, kisha likaenea hadi kaskazini kwa washairi kina Kabir na Mirabai. Maana ndiyo hiyo. Linaloniuma ni neno lenyewe.

Mzizi wake ni bhaj, neno la Kisanskriti la kugawa, kupata fungu, kushiriki. Humo ndimo limetoka bhaga, yaani fungu au neema, na Bhagavan, mwenye neema hizo, ambalo ni jina la Mungu. Bhajan, wimbo wa kumsifu, umetoka humohumo. Na bhakta, mbali na huyo mwenye pendo, kwa Kisanskriti ni chakula kilichopikwa pia. Ndiyo maana mpaka leo Mgujarati akiita wali husema bhat.

Kiajemi na Kisanskriti ni ndugu wa damu, na mzizi huu wanao wote wawili. Upande wa Kiajemi ulizaa bakht, fungu alilopangiwa mtu maishani, likasafiri hadi kwetu likawa bahati. Ukazaa na bakhshish, kutoa, nasi tukapata bakshishi. Anayesema "bahati yangu" anatamka binamu wa neno bhakta, na sijui kwa nini jambo zuri namna hii halitajwi kila bhakti inapofafanuliwa.

Sasa liweke karibu na ibada. Hili limetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi wa abd, mtumwa, mja. Ni neno zito na la heshima: linamweka mja chini na Mola wake juu, na kwa kazi hiyo halina mbadala. Ila picha yake ni ya chini na juu, wakati picha iliyomo ndani ya bhakti ni ya watu wawili kwenye sinia moja.

Mtazame Shabari, mwanamke wa watu wa msituni, aliyemngoja Rama, Mungu aliyekuja kwa umbo la mtu, kando ya ziwa Pampa mpaka akazeeka. Ramayana ya kale ya Valmiki, utenzi wa habari za Rama, inasema alimkirimu Rama kwa mazao ya mwitu. Masimulizi ya baadaye, yale ambayo watu wameyapenda zaidi, yanaongeza kwamba matunda hayo yalikuwa kunazi, naye aliziuma mojamoja, zilizo chachu akazitupa, tamu akamwekea mgeni. Kunazi tunazijua: huwezi kuitambua tamu kwa kuitazama. Lakini kwa desturi za usafi za Kihindu, chakula kilichogusa kinywa cha mtu ni najisi kwa mwingine, sembuse kwa Mungu. Rama akazila, zikiwa na alama za meno ya bibi kizee. Kwa sheria za ibada hilo ni kosa la wazi. Kwa bhakti, kunazi ile iliyoumwa ndiyo fungu lenyewe.

Au Yashoda, mama mlezi wa Krishna, katika Bhagavata Purana, kitabu cha visa vya Krishna. Mtoto kaiba siagi, mama anataka kumfunga kwenye kinu. Kamba inapungua vidole viwili. Anaunga nyingine, vidole viwili tena. Anaunga kamba zote za nyumbani, hali ni ileile, hadi jasho linamtoka na maua yanamdondoka nyweleni. Ndipo mtoto anamhurumia na kukubali kufungwa. Mama huyu haabudu chochote. Anamwadhibu mwanawe, na wanazuoni wa Kivaishnava, yaani wa wanaomwabudu Vishnu na Krishna, wanamhesabu katika mifano mikuu ya bhakti, ile ya mzazi kwa mtoto, vatsalya.

Utumishi nao upo, tusije tukaufuta: Hanuman, yule nyani shujaa, kwa Rama ni mtumishi, na hali hiyo inaitwa dasya. Urafiki wa Arjuna na Krishna ni sakhya. Radha yuko kwenye madhurya, inayotumia lugha ya mahaba, na hapo ndipo wenye picha zao wanapoteleza. Wavaishnava wa Bengal walitenganisha tamaa, kwa Kisanskriti "kama", na pendo, "prema", wakazifananisha na chuma na dhahabu: hiyo "kama" ni kutaka nafsi yangu iridhike, prema ni kutaka Krishna aridhike. Radha ni wa prema, na kumwita mchumba ni kumpa chuma.

Na lile tangazo? Aliyeliandika alikuwa na nia njema, na wageni watapokelewa vizuri. Kinachoanza saa moja ni arati, taa inapozungushwa mbele ya sanamu takatifu, au puja, sala ya kutoa sadaka mbele ya sanamu, au kikao cha bhajan. Vyote hivyo vina saa, na kuviita ibada ni sawa kabisa. Wakati mwingine aandike tu "arati itaanza saa moja". Bhakti wanaokuja watakuwa wametoka nayo nyumbani.